Baiskeli inapita, lakini je, ni njia ya baiskeli?

Ukisogeza ramani ya OpenStreetMap hadi Dodoma, katikati ya mji mambo yamekaa sawa: barabara za lami zipo na majina yake, Nyerere Square ipo, reli ya zamani inapita pale pale inapopita. Sogeza sasa nje kidogo, upande wa Ntyuka, Nala au Hombolo. Barabara zinapungua, na unaanza kuona vistari vya nukta nukta vinavyokatiza mashamba na makorongo. Kwa mtu wa huko, hizo ndizo njia zenyewe: za shule, za kisimani, za zahanati, za mnada wa Msalato.

Vistari vingi vimechorwa mahali pake. Tatizo liko kwenye kilichoandikwa juu yake. Kimoja kimeandikwa kuwa ni barabara ya magari, kumbe hata bajaji haifurukuti. Kingine kimeandikwa kuwa ni njia ya baiskeli kwa sababu tu mchoraji alimwona mtu akipita na baiskeli. Kingine si njia kabisa, ni korongo. Anayeitegemea simu imwongoze hugundua hayo akiwa ameshafika, jua la Dodoma liko utosini na hana pa kugeuzia.

OpenStreetMap ilianzishwa Uingereza mwaka 2004 na Steve Coast, na tangu hapo inachorwa na watu wa kujitolea. Yeyote mwenye akaunti anaweza kuongeza, kurekebisha au kufuta, na data yake ni huru kutumiwa na kila mtu. Hapa Tanzania ilishika kasi mwaka 2015, pale mradi wa Ramani Huria ulipowaingiza wanafunzi na wakazi mitaani Dar es Salaam kuchora mitaro, nyumba na vichochoro kwa ajili ya mafuriko. Mwaka huo huo Crowd2Map Tanzania ilianza kuwakusanya watu wa kujitolea, wengi wao wakiwa nje ya nchi, kuchora vijiji kwa kutumia picha za setilaiti. Dodoma imefaidika na moyo huo, na imerithi pia makosa yanayokuja na mtu anayeangalia ardhi kutoka juu bila kuikanyaga.

Kuna jambo moja la kiufundi la kulielewa kwanza. Kwenye ramani hii njia ni mlolongo wa nukta zilizounganishwa, halafu juu yake zinabandikwa lebo. Lebo ni jozi ya maneno: upande mmoja sifa, upande wa pili thamani yake. Maneno yenyewe ni ya Kiingereza duniani kote, kwa sababu kompyuta zinahitaji tahajia moja, hivyo mchoraji wa Dodoma na wa Hanoi wote wataandika highway=path. Hapo neno highway halina maana ya barabara kuu. Linabeba kila kitu anachopita mtu, kuanzia lami ya kwenda Morogoro hadi ngazi za jengo.

Utata unaanza kwenye thamani. Kwa njia zisizo za magari kuna tatu zinazogombaniwa: footway (ya miguu), cycleway (ya baiskeli) na path (njia tu). Chanzo cha ugomvi ni historia. Ramani ilizaliwa nchi ambayo njia za miguu zina hadhi ya kisheria. Uingereza na Wales, halmashauri huweka ramani rasmi inayosema njia hii ni ya waenda kwa miguu tu, ile ni ya watembea kwa miguu na farasi, na tangu sheria ya mwaka 1968 waendesha baiskeli nao wanaruhusiwa kwenye hizo za farasi. Ujerumani kuna vibao vya bluu vinavyoonyesha mtu, baiskeli, au vyote viwili. Kwa hiyo wachoraji wa mwanzo hawakupata shida: unasoma kibao, unaandika. Mwaka 2008 ikapitishwa path, iwe ya njia ambayo haijatengwa kwa mtumiaji mmoja. Ilikusudiwa kumaliza mabishano, na matokeo yake ikayazidisha, maana sasa njia ile ile inaweza kuandikwa kwa namna tatu na kila mtu ana hoja yake.

Ukileta mabishano hayo Dodoma, nusu yake yanakufa yenyewe. Njia inayotoka nyumbani kwa mtu, ikapita pembeni ya shamba la mtama la jirani, ikashuka korongoni na kutokea shuleni haina kibao, na haijaandikwa kwenye ramani yoyote ya halmashauri. Iko hivyo kwa sababu watu wamepita. Hiyo ni path, basi. Footway uiweke pale ambapo kweli kitu kimetengenezwa kwa ajili ya miguu: ukingo wa barabara uliosakafiwa, au vijia vya pevingi ndani ya bustani kama ya Chinangali. Cycleway ni mahali palipojengwa au kutengwa kwa ajili ya baiskeli, na kama hujaona alama, mchoro wa baiskeli chini au kibao, usiiandike. Track ni njia ya trekta au pikapu kuingia shambani. Na kama gari dogo linapita kila siku kufika kwenye nyumba za watu, hiyo ni barabara hata kama ni vumbi tupu. Mwongozo wa wachoraji wa Afrika umelisema hili waziwazi: daraja la barabara lifuate kazi inayofanya, na lami au vumbi viandikwe kwenye lebo yake ya pembeni.

Kosa ninalolikuta mara nyingi zaidi limejificha ndani kidogo. Ni kuchanganya ruhusa na uwezo.

Lebo ya bicycle=yes inajibu swali moja tu: je, mwenye baiskeli anaruhusiwa kupita hapa? Haisemi kama ataweza. Mwenzake bicycle=designated anasema pametengwa kwa ajili ya baiskeli, na bicycle=no anasema ni marufuku. Katika vijiji vya Dodoma ruhusa karibu haina mjadala, kwa mila hakuna anayemzuia mtu kupita njiani na baiskeli yake. Uwezo ndio wenye mambo. Chukua njia inayokatiza korongo la mchanga. Ukingo wa kwanza ni udongo mwekundu ulioshindiliwa na nyayo, unateremka vizuri. Chini kuna mchanga mweupe wa kuzama, upana wa hatua thelathini hivi. Gurudumu la mbele linakata kushoto, unashuka, unasukuma. Ukingo wa pili mvua imeula, umebaki mwinuko wa kimo cha kiuno uliochongwa vijingazi na watu. Asiye na mzigo atainyanyua baiskeli begani. Aliyefunga madumu mawili ya lita ishirini nyuma hatapita kabisa, atazunguka kwenye kalavati hata kama ni mbali.

Mchoraji mwenye haraka ataandika bicycle=no, kwa nia njema, ili simu isimpitishe mtu hapo. Ameandika uongo, kwa kuwa hakuna aliyekataza. Lililo sahihi ni kuikata njia hiyo vipande vitatu. Kipande cha kwanza na cha mwisho viwe na surface=ground (sakafu ya udongo), cha kati surface=sand (mchanga), pale panapokatiza mkondo iwekwe ford=yes (kivuko cha kupita ndani ya mkondo), na ule ukingo uliobomoka upewe lebo ya smoothness, yaani ulaini wa njia, inayosema ni mbaya sana. Programu ya kutafuta njia ikisoma hayo itaamua yenyewe: baiskeli ya mzigo izungushwe, mtembea kwa miguu apitishwe hapo hapo. Kazi ya mchoraji ni kueleza ardhi. Uamuzi amwachie anayeisoma. Na mtu akiandika lebo isiyo ya kweli ili tu rangi ya mstari ibadilike kwenye skrini, amewaharibia wasomaji wengine kumi wanaotumia data ile ile kwa kazi nyingine.

Ningependa watu wajaze surface kuliko lebo nyingine yoyote. Ni rahisi, haina ubishi, na kwa ardhi ya Dodoma ndiyo inayosema kama utafika. Mchanga, udongo, moramu iliyoshindiliwa, kokoto, lami: mtu yeyote anayaona. Smoothness inahitaji kuzoea, maana kinachoitwa kibaya na mwenye baiskeli ya mbio ni cha kawaida kwa mwenye baiskeli ya kubebea mkaa. Mbigiri hazina lebo, ingawa ndizo zinazotoa pancha nyingi kuliko mawe. Mwenyeji anajua, mgeni atajua.

Sasa turudi kwa wanaochora kutoka mbali. Dodoma ni nusu jangwa, mvua zake ni za msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili, na mito mingi miezi iliyobaki huwa mchanga mtupu. Kutoka juu mto wa namna hiyo ni utepe mweupe unaong'aa, na barabara ya vumbi nayo ni utepe mweupe unaong'aa. Nimeona vipande virefu vya korongo vikiwa vimechorwa kama track, tena vikiunganishwa na barabara halisi kwa ustadi mkubwa. Ukitulia utazitofautisha. Barabara inashika upana mmoja. Korongo linatanuka na kubana. Barabara inakwepa kona zisizo na sababu, korongo linazifuata. Kando ya korongo miti imejipanga, hasa pale maji yanapobaki chini ya mchanga, na ukilifuata kuelekea juu linagawanyika matawi membamba zaidi na zaidi hadi linapotelea mlimani. Barabara haipotelei hivyo, ina pa kwenda. Kinachochanganya ni kwamba watu, punda na ng'ombe nao hutembea ndani ya korongo kiangazi, kwa hiyo nyayo utaziona humo. Hata hivyo lichore korongo kama mto wenye intermittent=yes, yaani wa maji ya msimu, na njia iliyo ndani yake uichore tu kama kuna mtu wa pale aliyekuambia ni njia.

Mifugo inaleta mkanganyiko wa pili. Ng'ombe wakielekea lamboni hawafuatani mstari mmoja. Wanatawanyika, na mwaka baada ya mwaka ardhi inapata michirizi mingi sambamba inayokutana kwenye maji. Kuna mtu aliwahi kuichora michirizi yote, mmoja mmoja, kila mmoja path. Subira hiyo naiheshimu, ila ramani haikusaidika. Njia ya watu huunganisha mahali na mahali: nyumba na nyumba, kanisa, shule, bomba la maji. Michirizi ya ng'ombe huanzia zizini na kuishia lamboni. Kama watu nao hupita hapo, mstari mmoja katikati ya michirizi unatosha.

Usahihi wa mahali una kanuni zake. Simu ya kawaida mahali peupe hukosea mita chache, tuseme tano hivi, na karibu na majengo marefu au chini ya mwamba hukosea zaidi. Dodoma tuna bahati, anga ni wazi na majengo marefu si mengi. Lakini picha za setilaiti, ambazo zinaonekana safi kiasi cha kuhesabu mibuyu, zinaweza kuwa zimesogea zote kwa pamoja mita kadhaa, hasa kwenye miteremko kama ya Mlimwa. Ukichora juu ya picha iliyosogea, mtaa mzima unasogea nao, na atakayekuja na picha ya kampuni nyingine atadhani wewe umekosea na kuanza kusogeza upya. Dawa ni kulinganisha picha na rekodi za GPS za watu wengi kwenye barabara ile ile, kuirekebisha picha kwanza ndani ya kihariri, yaani programu ya kuchorea, na ndipo uanze kuchora. Rekodi moja peke yake usiiamini. Ukisimama kununua zabibu, simu inaendelea kuandika, na pale uliposimama panakuwa fundo la mistari. Si kona hiyo. Na ukitaka kuipandisha rekodi yako hadharani, kata kwanza kipande cha kuanzia mlangoni kwako.

Kuna kosa ambalo macho hayalioni kabisa. Mistari miwili inaweza kukatizana kwenye skrini na bado isiwe imeungana. Ili programu ijue kwamba unaweza kutoka njia ya miguu ukaingia barabarani, lazima njia hizo mbili zishirikiane nukta moja pale zinapokutana. Ikikosekana, simu itakuzungusha kilomita mbili kutafuta pa kuingilia wakati barabara iko mbele yako hatua tatu. Kinyume chake ni kibaya zaidi. Reli ya kisasa ya SGR, ambayo safari zake za Dar es Salaam hadi Dodoma zilianza mwaka 2024, imezungushiwa uzio, na wanaovuka hupitishwa juu au chini yake. Njia nyingi za zamani zilikuwa zikikatiza pale pale inapopita reli leo. Ukiiacha njia ya zamani iungane na reli kwa nukta, umemwambia msafiri kwamba hapo pana kivuko. Nenda ukaangalie. Kama kuna kivuko cha chini, kipande hicho kipewe tunnel (handaki) na layer=-1 (ngazi moja chini ya ardhi), bila nukta ya pamoja na reli. Kama hakuna, njia ikatwe kwenye uzio na uzio wenyewe uchorwe.

Halafu kuna majira. Baada ya mavuno, kuanzia Mei au Juni kutegemea mwaka, mashamba mengi huwa wazi na watu hukatiza popote. Mvua zikianza njia hizo zinalimwa na wapitaji wanarudi pembeni. Je, zichorwe? Msimamo wangu ni kwamba njia ya msimu mmoja haistahili mstari. Ile inayojirudia pale pale kila mwaka inastahili, na kujirudia huko kunaweza kupimwa: kuna hifadhi za picha za setilaiti za miaka tofauti, unalinganisha picha ya 2016 na ya 2020 na ya karibuni. Ikionekana kwenye zote tatu, hiyo ni njia. Ikionekana kwenye moja, muulize mwenyeji. Swali la kumuuliza lisiwe “hapa pana njia?”, maana kwa ukarimu atakujibu ndiyo. Muulize mtoto anaenda shule kwa kupitia wapi mwezi wa pili, mvua ikiwa imenyesha usiku. Jibu lake lina ramani nzima ndani.

Mjini tatizo ni jingine: watu wanachora kilichopangwa. Dodoma ni mji wa mipango. Tangu serikali ilipoamua mwaka 1973 makao makuu yahamie huku, kumekuwa na mchoro baada ya mchoro, na ule wa mwaka 1976, uliotengenezwa na kampuni ya Toronto, uliwapa uzito waenda kwa miguu, baiskeli na mabasi kuliko magari binafsi. Ukiusoma leo unatamani. Lakini ramani ya kujitolea haichori matamanio. Barabara iliyo kwenye mchoro wa mipango miji na bado ni vichaka, haipo. Njia ya mkato inayopita kwenye kiwanja ambacho hakijajengwa, ipo, hata kama mwenye kiwanja ana hati. Ukiona ukuta unaanza kupanda, andika tarehe uliyopita kwa lebo ya check_date, atakayekuja atajua habari yako ina umri gani. Michoro ya mipango, pamoja na ramani za kampuni za biashara, haziruhusiwi kunakiliwa hata kidogo bila kibali cha mwenyewe. Kukopi humo kunaweza kuifanya kazi yako yote ifutwe.

Waendesha baiskeli wa mjini wataniuliza kuhusu pembeni ya barabara kuu, ile sehemu ya lami nje ya mstari mweupe ambako ndiko wanakopita. Hiyo ni shoulder=yes (bega la barabara) kwenye mstari wa barabara. Haiwi cycleway=lane (mkondo wa baiskeli) mpaka iwe imetengwa kwa baiskeli, na kwa hali ya sasa, lori lililoharibika, bodaboda wanaosubiri abiria na wauza mahindi wote wana sehemu yao hapo. Na ule mzunguko wa Jumapili asubuhi, wa kutoka mjini hadi Hombolo na kurudi, hata uwe mtamu vipi, usiuundie uhusiano wa route=bicycle, yaani kuunganisha vipande vya njia kuwa safari moja ya baiskeli yenye jina. Huo ni wa njia zilizowekewa alama na kutambulika kwa jina hata na asiye rafiki yako. Mzunguko wako uhifadhi kwenye simu.

Kwa anayeanza, programu ya StreetComplete inatosha: inakuuliza aina ya sakafu, upana, kama pana taa, unajibu ukiwa umesimama pale pale, na lebo inajiandika. Taa zisidharauliwe. Kwa mwanafunzi anayetoka UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) kurudi Ng'ong'ona saa mbili usiku, lit=yes au lit=no ndiyo inayoamua apite njia ipi. Anayetaka kuchora mistari mipya atumie kihariri cha iD kwenye kompyuta, na akizoea aende kwenye kingine kiitwacho JOSM. Kila unapohifadhi, andika maelezo ya maana: “nimetembea njia hii Agosti, mchanga korongoni” yanamsaidia mwingine kuliko “marekebisho”.

Njia ikifungwa, mkono unawasha kufuta. Ngoja kidogo. Picha ya setilaiti inayotumika bado itaionyesha, labda kwa miaka miwili mitatu, na mtu wa kujitolea aliye mbali ataiona, atashangaa haijachorwa, ataichora upya kwa nia njema kabisa. Badala ya kuifuta, badilisha highway iwe abandoned:highway (njia iliyoachwa), ambayo programu za kutafuta njia haziisomi kama pa kupita, na uongeze maelezo mafupi kwamba ukuta umejengwa na ulipita lini. Picha mpya ikishawekwa na ukuta ukaonekana, hapo futa.